Kidaka cha Mama Mkwe

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, mji uliolala mdomoni mwa mto, na utoto wangu niliupitisha katika nyumba ya babu yangu, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo kuta zake zilikuwa na unene wa dhiraa nzima na zaidi, hata mtoto akiketi dirishani aliweza kukunja miguu yote miwili bila ya kidole kimoja kutokeza nje wala ndani. Katika kuta hizo mlikuwa na vidaka, vile vishubaka ambavyo waashi wa pwani waliviacha makusudi wakati wa kujenga, na kila kidaka kilikuwa na kazi yake isiyobadilika: kimoja cha msahafu, kimoja cha taa, kimoja cha sahani za kaure ambazo hazikuguswa ila kwa harusi au Idi, na kimoja, kilichokuwa juu kuliko vyote, cha kisahani cha halua ambacho bibi aliamini kwamba sisi wajukuu hatukijui. Basi nilikua nikiitakidi kwamba tundu katika ukuta ni pambo, ni hazina, na ni dalili ya ustaarabu. Na itikadi hiyo nilidumu nayo miaka mingi, mpaka nilipojenga nyumba yangu mwenyewe huku Arusha, ubavuni mwa Mlima Meru, nikamwita fundi umeme aje azitoboe kuta zangu.

Kilichonileta huku ni barua ya uhamisho wa kazi ya ualimu, na kilichonizuia nisirudi ni ndoa, kwani nilimwoa binti wa Kimeru ambaye tangu siku za mwanzo alinieleza kwa adabu kwamba bahari ni kitu kizuri sana cha kutazamwa katika kalenda. Sikunung'unika, maana baina ya mlima wake na bahari yangu mna udugu wa maji: mito inayoshuka Meru, Themi ukiwa mmojawapo, hukutana katika Kikuletwa, ikaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ikatoka humo kwa jina la Pangani, ikazungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964, kisha ile ya Maporomoko ya Pangani, ndipo ikafika baharini penye mji wetu. Kwa hiyo mimi nilizaliwa maji yanapokomea nikajenga yanapoanzia, na umeme hutengenezwa njiani. Nikadhani kwamba umeme huo utaingia nyumbani mwangu kwa hodi na salamu, kama jamaa wa tangu zamani. Haukubisha hodi. Uliingia kwa tindo na nyundo.

Nyumba yenyewe iko Ilboru. Kuta za nje ni za mawe ya kijivu yachongwayo Moshono, na kuta za ndani ni za tofali za saruji za inchi tano. Zilisimama kwa timazi, zikapauliwa, na mimi nikawa napita kila jioni nikizipapasa kama mtu apapasaye ng'ombe aliyemnunua mnadani kwa fedha yake halali. Ndipo mke wangu aliponiuliza, kwa sauti ile ya upole ambayo miaka thelathini ya ndoa imenifundisha kuihofu, swichi zitakaa wapi. Nikazitazama kuta. Zilikuwa nzima, hazina hata tundu la mchwa. Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walakini hawakutuachia neno lolote la kumfaa mtu aliyekwisha kujenga ukuta, akaulipia, akausifu mbele za watu, kisha akatoa fedha nyingine ili utiwe nyufa.

Nilijitetea kwa tarikhi, kama ilivyo ada yetu walimu. Nilimwambia kwamba Sayyid Barghash aliijenga Beit al-Ajaib ya Unguja mwaka 1883, na umeme ukaingia humo baadaye. Kwamba Boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, Wajerumani walilijenga mwaka 1900, ilhali umeme wa kwanza wa Tanganyika uliwaka Dar es Salaam mwaka 1908. Basi si ajabu wala si aibu kwa mtu mwenye hadhi yake kujenga ukuta kwanza na kufikiri habari za umeme baadaye. Akanijibu kwamba Barghash na Wajerumani walijenga kabla umeme haujafika, na mimi nimejenga chini ya nguzo yake.

Fundi niliyeletewa alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye sifa njema kwa kila mtu aliyemtumia, ila hakuna aliyethubutu kuzitaja sifa hizo pamoja na saa. Katikati ya mji wetu upo Mnara wa Saa, ambao wenyeji huwaambia wageni kuwa umesimama nusu ya njia baina ya Cape Town na Cairo, na wageni huupiga picha kwa furaha bila ya kuuliza ni nani aliyepima. Kila asubuhi saa mbili nilimpigia fundi simu, naye kila asubuhi alinijibu, "Mwalimu, nipo hapa Mnara wa Saa, nakuja sasa hivi." Saa tatu alikuwa Mnara wa Saa. Saa nne na nusu bado alikuwa Mnara wa Saa. Nikaja kusadiki kwamba mnara ule kweli umesimama nusu ya njia, na kwamba aliyepima alipima kutoka katika ahadi ya fundi mpaka katika kazi yake.

Siku alipowasili, pamoja na saidia fundi wake aliyekuwa mfupi wa kimo na mwingi wa bidii, tulizunguka chumba kwa chumba tukihesabu maboksi: ya inchi tatu kwa tatu kwa ajili ya swichi, na ya tatu kwa sita kwa ajili ya soketi pacha, hesabu ikafika maboksi arobaini na moja. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimesoma, kwani mwalimu hata akistaafu hawezi kulala bila ya kujiandaa kwa somo la kesho, nikagundua kwamba kanuni za majengo za Uingereza, nchi ambayo ndiyo iliyoturithisha soketi hii ya matundu matatu, huagiza kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na mfereji wa kulala usizidi sudusi. Kwa hesabu ya tofali la inchi tano, nilimweleza fundi, mfereji wa wima usipite inchi moja na theluthi mbili, na wa kulala usifike hata inchi moja. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama mwanafunzi mwema, kisha akamgeukia mwenzake akamwambia, "Umesikia? Usigonge sana."

Sasa ikawa haja ya vipimo. Futi ya chuma ya fundi ilikuwa imekatika tangu juma lililopita, lakini jambo hilo halikumtia wasiwasi, kwa kuwa, alisema, swichi hukaa usawa wa bega na soketi hukaa dhiraa moja kutoka chini. Niliposikia neno dhiraa likitamkwa Ilboru moyo wangu ulipiga kwa furaha, maana ndicho kipimo cha babu yangu, tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole, shibiri mbili kamili. Na fauka ya hayo, vitabu vya mafundi huagiza soketi iwe milimita 450 kutoka sakafuni, ambazo ni inchi kumi na nane kasoro kidogo, na dhiraa ya mtu mzima nayo ni inchi kumi na nane. Nikawahutubia wote wawili juu ya hekima ya wazee, nikaenda kunywa chai. Sikutanabahi kwamba bega na dhiraa ya fundi havikuumbwa siku moja na vya saidia fundi, wala kwamba mmoja alikuwa akipima kutoka juu ya jamvi la zege na mwingine kutoka juu ya lundo la kifusi. Leo hii ukipita ukumbini mwangu utaziona swichi tatu zimesimama kwa kuteremka, kama watoto waliopangwa kwa vimo siku ya kupigwa picha ya shule, na ya mwisho hutaiwasha bila ya kuiinamia kidogo, jambo ambalo wageni huliona kuwa ni adabu ya nyumba.

Kazi ya kuchimba shimo moja la boksi, kwa mtu anayeitazama kwa makini, haikosi uzuri wake. Fundi alilibandika boksi ukutani, akalizungushia penseli, akaliondoa, ukabaki mraba mwembamba kama dirisha la nyumba ya mchoro wa mtoto. Akashika tindo, akaupitia mstari ule kwa mapigo madogo madogo, ta, ta, ta, mpaka mraba ukakatika na ukuta mwingine wote. Ndipo akaingia katikati, akichokoa kuelekea pembeni, na vumbi likimwagika taratibu kama unga kutoka katika chekeche. Katika tofali za saruji jambo hili lilikwenda vizuri. Mashaka yalianza katika ukuta wa nje, katika yale mawe ya Moshono. Hayo ni jivu la volkano lililogandamana zama za zama, na ndani ya jivu hilo laini zimelala kokoto ngumu za kila ukubwa, zimejificha kama mawe katika mchele wa bei nafuu. Tindo huingia kwa raha, likacheka, likaingia tena, kisha ghafla likagota juu ya kitu kama fuawe, likamrukia fundi mkononi. Na fundi akiongeza nguvu, kokoto ile, yenye ukubwa wa yai la bata, huchomoka nzima nzima, ikifuatana na jamaa na majirani zake wote. Boksi la inchi tatu likajikuta katika pango la inchi tisa. Meru ulilipuka kwa mara ya mwisho mwaka 1910. Nami nathubutu kusema kwamba sebuleni kwangu uliendelea kwa siku nne zaidi.

Kwa sababu hiyo fundi alipendekeza tutumie grenda, chombo ambacho hukata mstari ulionyooka katika jiwe lolote bila ya kumjali aliyeliumba. Rai ilikuwa njema, ila grenda hula umeme, na umeme ndio tuliokuwa tukiutafuta. Tukamwendea jirani yangu, bwana mstaafu mwenye ihsani, akaturuhusu tuvute waya kutoka kwake kupitia juu ya ua, na grenda ikaanza kulia kwa sauti iliyowatoa kunguru wote katika miparachichi. Mchana kutwa ilikata. Hakuna aliyekumbuka, wala mimi mwenye elimu yangu sikukumbuka, kwamba umeme wa jirani ni wa LUKU, ambayo tafsiri yake, kama sote tujuavyo, ni lipa umeme kadiri utumiavyo, na kwamba hapo aliyelipa alikuwa yeye na aliyetumia nilikuwa mimi. Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati ambao Arusha mtu huoga kwa nia na si kwa hamu. Saa kumi na moja jioni grenda ilinyamaza yenyewe, na baada ya dakika chache jirani akatokea mlangoni, amejifunga shuka mabegani, amebeba boksi la karatasi lililokuwa likilia kwa sauti nyembamba. Ndani mlikuwa na vifaranga hamsini, ambao taa yao ya kuwapasha joto ilikuwa imezimika pamoja na grenda yangu. "Mwalimu," aliniambia bila ya ghadhabu yoyote, "hawa ni wageni wako." Walilala jikoni kwangu kando ya jiko la mkaa, nami nikalala kando yao, nikiamka kila baada ya saa mbili kuongeza makaa na kuwahesabu.

Vumbi la grenda nalo lina hikaya yake. Ni vumbi jembamba mno, lisiloonekana likiingia wala halitoki. Lilitanda juu ya sufuria, juu ya majani ya migomba, juu ya sukari, na juu yangu mimi mwenyewe, hata nywele zangu, ambazo mpaka siku ile zilikuwa na weusi wa kujivunia, zikawa nyeupe pe, na nyusi kadhalika. Katika hali hiyo nilikuwa nimeketi juu ya ndoo mbele ya nyumba, nimechoka, kichwa chini, mama mkwe wangu alipoingia uani na mkungu wake wa ndizi, amekuja kutusalimu kwa juma zima. Ni mwanamke wa heshima kubwa, mwimbaji wa kwaya ya kanisani tangu ujana wake, na macho yake siku hizi hayana nguvu. Aliniona, akasimama, akashusha mkungu, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mzee."

Msomaji uliyelelewa katika adabu zetu utaielewa dhiki iliyonipata. Kuitikia marahaba kwa mama mkwe ni tusi ambalo halina fidia. Kutoitikia ni ufidhuli. Kujitambulisha wakati huo ni kumtia yeye aibu, na kumtia mama mkwe aibu ni bora ardhi ipasuke. Nilikohoa, nikainuka, nikakimbilia nyuma ya nyumba kwa kasi ambayo mzee wa umri ule asingeweza kuwa nayo. Nikamsikia akimwambia binti yake kwamba yule baba mliyemwajiri kulinda mali ana afya njema, Mungu ashukuriwe.

Alipewa chumba kilicho ubavuni mwa sebule. Siku ya tatu ya ugeni wake, baada ya chakula cha mchana, nyumba ilitulia: mama amekwenda kupumzika, mke wangu amekwenda soko la Kilombero, mafundi wamekwenda kula, na sebuleni limebaki shimo moja tu ambalo halijakamilika, shimo la soketi ya televisheni. Tindo lilikuwa chini. Nyundo ilikuwa kando yake. Shetani hana haja ya mengi. Nilikuwa nimewatazama mafundi siku nyingi, nikaona ni kazi ya akili zaidi kuliko mikono, na akili, nilijiambia, sikupungukiwa. Nikapiga. Ta, ta, ta. Kipande kikatoka, kizuri, kama nilivyotaka. Nikapiga kwa imani zaidi. Kisha nikapiga pigo moja la mtu ambaye amestaafu na anataka watu wajue kwamba bado yupo, na badala ya sauti ya tofali nikasikia upande wa pili kitu kikianguka, kikavunjika, kikafuatwa na kimya.

Jambo nisilolijua ni hili, kwamba siku iliyotangulia saidia fundi alikuwa amechimba upande wa chumbani, mahali pale pale, shimo la soketi ya taa ya kitandani. Ukuta wa inchi tano, ukiwa umechimbwa inchi mbili kutoka kule na inchi mbili kutoka huku, hubaki na utando ambao hata mwashi wa Beit al-Ajaib hangeuamini. Nami, kama afanyavyo kila mtu aliyetoboa kitu asichokikusudia, sikufikiri. Niliinama, nikaweka jicho langu tunduni kutazama nilichoharibu.

Upande wa pili kulikuwa na jicho.

Lilikuwa jicho la kahawia, tulivu, lenye kope chache, na lilinitazama kwa muda ambao mimi naukadiria kuwa ni mwaka. Husemwa kwamba kuta zina masikio, na kweli maboksi ya swichi yana vipande viwili vya kupitishia skurubu ambavyo mafundi huviita masikio; lakini ukuta wenye macho sikupata kuuona wala kuusoma. Kisha jicho likaondoka, pakaja mdomo, na sauti ya kwaya, laini na ya adabu, ikasema tunduni, "Mwalimu, kama una haja nami, mlango upo."

Nilikwenda jikoni nikakaa na vifaranga.

Mke wangu aliporudi sokoni alihadithiwa na mama yake kwanza, na mimi nikiwa jikoni nilivisikia vicheko vyao viwili vikipokezana kama mwito na kiitikio. Baadaye alinijia, akaketi juu ya kigoda, akapangusa machozi kwa ncha ya kanga. "Baba watoto," alisema, "miaka thelathini hujapata kumtazama mama usoni kwa haya zako. Leo umemtazama jichoni."

Fundi naye alilitazama tundu, akaingiza mkono kutoka sebuleni, akauona ukitokea chumbani, akautoa kwa heshima. Hakunilaumu. Alinieleza tu, kama mtu amwelezaye mtoto wa mwenzake, kwamba maboksi mawili hayawekwi mgongo kwa mgongo, bali moja husogezwa kando shibiri moja au mbili; na kwamba yeye kabla ya kupiga nyundo kwanza huzunguka upande wa pili akaona kuna nini na kuna nani. "Ukuta hauna upande mmoja, Mwalimu," alisema, akaandika alama ya chaki mahali pengine. Nilikaa darasani miaka thelathini na mitano nikiwafundisha watu wa hirimu yake, na sikumbuki kama niliwahi kusema neno lenye maana kiasi kile kwa maneno machache hivyo. Nilikumbuka na grenda, na nikawaangalia vifaranga, ambao pia walikuwa upande wa pili wa ukuta fulani, na jioni ile nikamnunulia jirani umeme wake pamoja na akiba.

Zilibaki kazi za kumalizia, nazo nitazipita upesi. Maboksi yalipachikwa kwa saruji, midomo yake ikielekezwa iwe sawa na uso wa lipu itakayokuja, kwani boksi likizama ndani mno skurubu hazilifikii, na likitokeza nje kifuniko hukaa kama kofia ya mlevi. Kisha yakajazwa makaratasi ya mifuko ya saruji ili lipu isiingie. Mpiga lipu aliyefuata alikuwa mtu wa kupenda unadhifu kupita kiasi. Alitengeneza kuta laini kama shuka iliyopigwa pasi, bila ya doa wala shimo, na tulipohesabu tukapata maboksi thelathini na nane. Matatu aliyafukia. Basi tukawa tunatembea ukumbini sikio ukutani, tukigonga kwa kifundo cha kidole kama tabibu agongaye kifua cha mgonjwa wa pumu, tukisikiliza mahali panapoitika kwa utupu. Mawili tuliyapata, baada ya kuchimba mashimo matano ya uongo. La tatu lilitushinda, kwa kuwa saidia fundi, kwa kutaka kupunguza gharama ya mabomba ya nyaya, alilipitisha bomba lake mshazari badala ya wima. Na hiyo ndiyo faida ya mafundi kushikilia kwamba waya upande au ushuke wima juu ya boksi lake, kuwa atakayekuja baadaye na nyundo au na msumari wa picha ajue ulipo bila ya kuuliza wafu. Taa ya varanda, kwa hiyo, haijawaka hata leo. Boksi la swichi yake limo ukutani, limepakwa rangi ya maziwa, na naamini liko katika hali nzuri.

Ama lile tundu langu, fundi aliliziba upande wa sebuleni kwa kipande cha tofali na saruji, akawa tayari kuzunguka alizibe na upande wa chumbani. Mama mkwe akakataa. Alisema mahali pale pako karibu na kichwa cha kitanda, mkono unafika bila ya kuinuka, na kwamba tangu aanze kutembelea watoto wake hapa mjini hajapata nyumba iliyomfikiria kiasi hicho. Akaomba litiwe lipu vizuri pembeni. Siku ya pili nilipopita mbele ya mlango uliokuwa wazi niliona amekwisha kulipanga: Biblia yake ya herufi kubwa, miwani yake, kibatari na kiberiti, na nyuma kabisa, gizani, kopo la peremende ambalo anaamini kwamba wajukuu hawalijui.

Umeme uliingia siku ya Jumamosi. Tuliwasha taa zote kwa pamoja isipokuwa ya varanda, tukapika ndizi, jirani akaalikwa, na usiku saa tatu, nilipokuwa katikati ya kuwaeleza wageni uhusiano wa maji ya Themi na bahari ya Pangani, nyumba nzima ikawa giza. Uniti zilikuwa zimekwisha; fedha niliyokuwa nimeitengea LUKU niliitumia kwa jirani, na katika furaha yangu nilisahau kununua nyingine. Nikainuka nikipapasa ukuta, nikaifikia swichi ya kwanza begani, ya pili kifuani, ya tatu kiunoni, na zote hazikuwa na faida. Ndipo nikauona mwanga mdogo wa manjano ukipita chini ya mlango wa chumba cha pili, na ile sauti ya kwaya ikanijia, kwa utulivu ule ule.

"Mwalimu, mlango upo. Njoo uchukue taa."

Nilibisha hodi, nikangoja, nikaingia kwa mlango.